Sura ya Sita: Daftari la Kazi Iliyorudiwa

Anayejenga Nakuru anajenga juu ya majivu. Menengai na volkano nyingine za Bonde la Ufa zilimwaga majivu na pumisi hapa kwa maelfu ya miaka, na tabaka hizo laini ndizo zinazobeba jiji. Zikiwa kavu, mtaro wa msingi husimama wima bila kumomonyoka, na fundi hufurahi. Zikilowa hulegea na kutitia. Katika mitaa ya magharibi kama Rhonda na Kaptembwo, mvua kubwa hufungua mashimo mahali watu walipopita jana yake. Upande wa Subukia, ardhi ilipasuka tarehe 6 Januari 1928 katika tetemeko lenye ukubwa wa karibu 7, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa nchini Kenya. Machi 2018 ufa ulikata barabara ya kutoka Maai Mahiu kwenda Narok, karibu na Suswa.

Juu ya ardhi hiyo mji umepanuka mbio. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 570,674 mjini Nakuru, na tarehe 1 Desemba 2021 mji ukapewa hati ya kuwa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kuanzia Kiamunyi na Ngata hadi Lanet, Naka na Bahati, mashamba yamekatwa ploti za futi 50 kwa 100, na hakuna wiki inayopita bila msingi mpya kuchimbwa. Wanaochimba hawana kreni. Ni mkandarasi mmoja mwenye pikapu, mafundi watatu au wanne anaowaamini, na watu wa mkono wanaochukuliwa asubuhi kulingana na kazi ya siku. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya 2011, huwapanga wakandarasi katika madaraja manane, na wengi wa hawa ninaowaandikia wako NCA7 au NCA8, mwisho wa ngazi. Nyumba tunazolala, madarasa wanamosoma watoto wetu na zahanati tunamokimbilia usiku zimetoka mikononi mwao.

Tunajua kinachotokea mambo yakiharibika kabisa. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, likaua watu 52. Septemba 2019 darasa la shule ya Precious Talent, Dagoretti, liliwaangukia watoto na kuua wanane. Kila baada ya msiba wa namna hii hutafutwa mtu wa kukamatwa, na ni haki atafutwe. Lakini mwaka unaofuata ujenzi huendelea vilevile, kwa sababu mazoea yaliyouzaa msiba hayakamatiki kwa pingu. Yamo kwenye namna mchanga unavyopimwa, kwenye saa ambayo fundi wa maji anaitwa, na kwenye ukimya wa mtu wa mkono aliyeona kosa akaogopa kusema.

Sura hii inaanzia mahali padogo kuliko msiba. Inaanzia kwenye kazi ya kurudia: ukuta uliojengwa ukabomolewa, plasta iliyopigwa ikabanduliwa, mlango uliokuja kutoka kwa fundi wa kuchomea ukakataa kuingia kwenye nafasi yake. Mkandarasi mdogo huiona kazi hiyo kama bahati mbaya na kuisahau. Mimi nasema humo ndimo faida yake inamotorokea, na humo ndimo anapaswa kuanza kuboresha kazi yake, kabla ya kununua cheti chochote cha kutundika ukutani.

Mawazo yenyewe ni ya kale kidogo. Mwaka 1924 Walter Shewhart, mtaalamu wa takwimu katika kampuni ya simu ya Bell, Marekani, alichora chati ya kwanza ya kuonyesha kama kazi ya kiwanda inayumba kwa kawaida yake au kuna jambo jipya lililoingia. Mwanafunzi wake wa fikra, W. Edwards Deming, alikwenda Japani 1950 na kuwaeleza wakuu wa viwanda jambo lililowachoma: kwamba sehemu kubwa kabisa ya kasoro hutokana na mpangilio wa kazi, ambao ni jukumu la mwenye kampuni, na sehemu ndogo tu ndiyo ya mfanyakazi. Wajapani walimsikiliza. Wakaongeza ya kwao, wakaiita jumla yake kaizeni, na katika viwanda vya Toyota mfanyakazi wa kawaida akapewa kamba ya kuvuta ili kusimamisha mstari mzima anapoona kasoro.

Mbinu hizo zimeshafika kwetu. Ethiopia ilizijaribu katika kampuni 30, kisha ikaunda taasisi yake ya kaizeni 2011. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, Tanzania, ilianza 2007 kwa msaada wa shirika la Kijapani la JICA, na leo kwenye kuta za hospitali nyingi za Tanzania utasoma maneno matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Karibu nasi zaidi, watafiti waliwafundisha wenye karakana za vyuma wa Kariobangi Light Industries, Nairobi, na matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba waliofunzwa walibadili desturi zao za kazi na biashara zao zikaimarika. Mfano huo naupenda kwa sababu karakana ya Kariobangi inafanana na mjengo wa Nakuru kuliko kiwanda cha magari kinavyofanana nao: watu wachache, mtaji mdogo, na bosi anayeshika nyundo mwenyewe.

Tofauti moja kubwa ipo, na lazima ikubaliwe mapema. Karakana haihami. Mjengo huhama, na watu wake hubadilika. Fundi uliyemfundisha Bahati leo, kesho ameitwa Naivasha na mtu mwingine. Kwa hiyo mbinu inayokaa kichwani mwa fundi peke yake huondoka naye. Inayobaki ni ile iliyowekwa kwenye kifaa, kwenye karatasi, au kwenye utaratibu wa siku ambao mgeni ataukuta na kuufuata.

Kifaa cha kwanza ni daftari. La shuleni, la kurasa 96, linatosha. Kila kazi inayorudiwa huandikwa siku hiyo hiyo: nini kilirudiwa, wapi, kilichukua saa za nani, kilikula vifaa gani, na kwa nini. Jina la mkosaji halina nafasi humo. Hilo ni sharti, na mkandarasi akilivunja mara moja tu daftari limekufa, maana kuanzia siku hiyo kila kosa litafunikwa kwa plasta kabla hajafika. Nimewasikia wakandarasi wakisema kwamba fundi asiyekatwa pesa hajifunzi. Naona ni kinyume. Fundi anayekatwa hujifunza kuficha, na kosa lililofichwa ndani ya nguzo halionekani tena mpaka siku lenyewe litakapojionyesha.

Chukua mfano wa bafu. Taili zimepangwa, zimependeza, lakini maji yakimwagwa yanasimama kwenye kona badala ya kukimbilia tundu la sakafu. Zinabomolewa. Ukiuliza mara moja tu kwa nini, jibu ni fundi wa taili. Endelea kuuliza. Kwa nini mteremko ulipotea? Kwa sababu tundu liliwekwa baada ya skridi kumwagwa, na likakaa juu. Kwa nini liliwekwa baadaye? Fundi wa maji alichelewa siku tatu. Kwa nini alichelewa? Hakupata pesa za mwanzo za kununua mabomba. Kwa nini hakupata? Mwenye nyumba hulipa awamu baada ya taili kuisha, na mabomba yananunuliwa kabla. Kasoro ya bafuni imezaliwa kwenye ukurasa wa pili wa mkataba, mezani, na aliyeuandika ni mkandarasi mwenyewe. Tuseme faida anayoitarajia kwenye nyumba hiyo ni shilingi 200,000. Bafu mbili zilizorudiwa kwa shilingi 25,000 kila moja zimekula robo yake, na hajahesabu siku zilizopotea wala jirani aliyekuja kutazama taili zikivunjwa.

Baada ya miezi miwili au mitatu daftari huanza kusema. Mtu aliyekuwa akiamini tatizo lake ni mafundi wazembe huweza kukuta kwamba nusu ya kurasa zinahusu jambo moja: vipimo vya milango, kwa mfano, vinavyotumwa kwa simu kwa fundi wa kuchomea na kusikika vibaya. Dawa yake ni fimbo ya mbao iliyokatwa urefu na upana kamili wa nafasi, ikapelekwa karakanani. Haigharimu kitu, lakini asingeifikia bila daftari, kwa sababu kila mlango ulipokataa alikuwa akikasirika upya kana kwamba ni wa kwanza.

Sasa tuingie kwenye zege, maana hapo ndipo uzembe hugeuka mauti.

Katika mijengo mingi zege huchanganywa kwa wilbaro na karai. Simiti hupimwa kwa mfuko, na mfuko ni kilo 50 daima. Mchanga na kokoto hupimwa kwa macho. Wilbaro ya asubuhi, wakati watu wana nguvu, hujazwa mpaka ikafurika. Ya saa tisa alasiri ni nusu. Mchoro unasema moja kwa mbili kwa nne, fundi anasema moja kwa mbili kwa nne, na kwenye slabu moja kuna mchanganyiko wa kila aina. Hakuna aliyesema uongo. Hakuna tu chombo cha kipimo.

Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Sanduku la mbao lenye ndani urefu wa sentimita 40, upana 35 na kina 25, ni lita 35 kamili: mfuko mmoja. Jaza, pitisha ubao juu kusawazisha, mimina. Mchanga masanduku mawili, kokoto manne. Likijaa mchanga ni zito, hubebwa na watu wawili, na hapo wengi hulitupa baada ya siku ya kwanza. Basi litengenezwe la nusu: 35 kwa 25 kwa 20, ambalo mtu mmoja anaweza kulibeba, na hesabu ziwe mchanga manne, kokoto manane. Asiye na seremala atumie ndoo za rangi za lita 20: mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto saba, huku ile nusu ikiwa imewekwa alama ya msumari ubavuni. Mtu wa mkono aliyefika leo asubuhi kutoka Molo ataelewa kwa dakika moja. Hiyo ndiyo maana ya kuweka ujuzi kwenye kifaa.

Maji ni habari nyingine, na ngumu zaidi. Mwaka 1918 Duff Abrams, mtafiti wa Chicago, alithibitisha kwamba nguvu ya zege hutegemea hasa uwiano wa maji na simiti. Kwa mfuko mmoja, lita 25 hadi 28 zinatosha kwa kazi nyingi za kawaida. Ongeza nusu ndoo, ufike lita 35 na zaidi, na zege iliyokauka inaweza kuwa imepoteza theluthi ya nguvu yake. Kwa macho haionekani. Itakuwa laini, itang'aa, mwenye nyumba ataisifu.

Kila fundi mzoefu ameshasikia kwamba maji mengi ni mabaya. Bado anaongeza. Ukitaka kujua kwa nini, simama naye saa nane mchana juu ya slabu. Zege inapandishwa kwa karai, mkono kwa mkono, kwenye ngazi za mbao. Ikiwa nzito haisambai kati ya vyuma vilivyofungwa karibu karibu. Mashine ya kutikisa zege haikukodiwa, kwa sababu kodi yake ilionekana gharama ya bure, kwa hiyo anachokoa kwa kipande cha chuma. Kokoto za volkano zenye vinyweleo zimekaa juani tangu asubuhi na zinanywa maji yanayokusudiwa simiti. Amebakiwa na robo ya slabu, na mvua inajikusanya juu ya Mau. Katika hali hiyo kumkemea kuhusu maji ni kumwonea. Kokoto zimwagiliwe jioni ya jana yake. Mashine ya kutikisa iwe mstari kwenye makadirio ya gharama, isiwe zawadi. Slabu iliyo kubwa kuliko uwezo wa watu waliopo igawanywe mahali atakapopaonyesha mhandisi. Baada ya hapo mtu anayeongeza maji atakuwa na la kujibu.

Kipimo cha ulaini wa zege ni koni ya bati: kimo sentimita 30, chini kipenyo 20, juu 10. Mafundi wa jua kali wanaweza kuikunja na kuichomea. Hujazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka ikichomwa mara 25 kwa fimbo ya chuma, kisha inainuliwa, na unapima zege imeshuka sentimita ngapi. Andika namba hiyo kwenye daftari mara tatu kwa siku ya kumwaga slabu. Baada ya slabu chache utakuwa na msururu wa namba unaofanya kazi kama kadi ya kliniki ya mtoto: haikuambii ugonjwa, lakini mstari ukipinda ghafla unajua leo kuna jambo. Vibonge vya majaribio vya sentimita 15, vinavyovunjwa maabara baada ya siku 7 na 28, vibaki kwa slabu na nguzo za ghorofa. Koni iko nawe hapo hapo, kabla zege haijaganda.

Mchanga unapofika una kipimo chake pia, cha bei rahisi kuliko vyote. Chupa ya plastiki angavu, mchanga hadi nusu, maji yenye chumvi kidogo, tikisa, iache itulie saa chache. Tope litajipanga juu ya mchanga kwa mstari unaoonekana. Likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, lori hilo halifai kwa zege. Tatizo ni kwamba katika mikataba mingi ya huku mkandarasi ameajiriwa kwa lebo tu, yaani nguvu kazi bila vifaa, na mchanga ni wa mwenye nyumba, ambaye ameutafuta kwa bei nafuu na hapendi kuambiwa urudi. Nitarejea kwenye hilo.

Biskuti sitazisemea sana, lakini siwezi kuziruka. Vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua chuma kisigusane na mbao huokotwa mara nyingi siku yenyewe ya kumwaga, na vikikosekana hutumika vijiwe. Chuma kikilala chini ya slabu hakina ngozi ya kukilinda, unyevu hukifikia, kutu hukivimbisha na dari hudondoka vipande baada ya miaka michache. Tengeneza mia mbili kwa siku moja, kwenye trei ya mbao yenye kina cha milimita 25, kila moja na waya wake, zimwagilie wiki nzima, weka kwenye gunia. Gunia liende kila mjengo pamoja na pima maji na kamba.

Kumwagilia slabu baada ya kumwagwa kunashindikana Nakuru kwa sababu nyepesi: maji hununuliwa. Januari na Februari upepo ni mkavu, mfereji hautoi kila siku, na bauza la maji lina bei yake. Siku saba za kumwagilia hugeuka tatu. Magunia yaliyolowa, au karatasi ya nailoni iliyofunikwa vizuri, hupunguza maji yanayohitajika kwa kiasi kikubwa. Kule Molo na Mau Summit, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,500, shida inageuka: baridi ya usiku huchelewesha zege kukomaa, na mbao za shata zinazoondolewa kwa kalenda ya Nakuru huondolewa mapema mno. Kampuni inayofanya kazi pande zote mbili inahitaji kuandika kalenda mbili.

Vyote hivyo vinahitaji mahali pa kuzungumziwa. Katika mjengo watu wote hukutana wakati mmoja tu wenye uhakika: Jumamosi, siku ya malipo. Mikutano ya Jumatatu hufa kwa sababu nusu ya watu bado hawajapatikana. Mkutano wa saa ya kulipwa nao ni mbaya, kwa sababu mtu anayesubiri pesa yake atakubali lolote. Naona wakati unaofaa ni chai ya saa nne, Jumamosi, na dakika zake zihesabiwe ndani ya siku ya kazi. Daftari linafunguliwa, kurasa za wiki zinasomwa kwa sauti, na kikundi kinachagua kasoro moja. Moja tu. Anayefanya kazi hiyo kwa mikono yake ndiye anayesema kwanza, bosi mwisho. Wanapanga badiliko dogo, wanalijaribu wiki inayofuata, wanalikagua Jumamosi, wanaliacha au wanalifanya desturi. Mama anayepika uji na chapati hapo hapo asiondolewe kwenye mazungumzo. Ndiye anayeona nani alikaa bila kazi na kwa sababu gani.

Kwenye kikao hicho hicho pangeni wiki ijayo, na muandike kazi ambazo kila fundi ameahidi kumaliza. Katika miaka ya 1990 Wamarekani wawili, Glenn Ballard na Greg Howell, walipima jambo hili katika miradi ya makampuni makubwa na kukuta kwamba karibu nusu tu ya kazi zilizopangwa kwa wiki ndizo zilizomalizika. Sababu kubwa ilikuwa kwamba kazi iliahidiwa kabla ya vitu vyake kuwa tayari. Basi fundi asiahidi ukuta ambao mawe yake hayajapakuliwa. Awe na haki ya kusema: "Bosi, hiyo siwezi kuahidi, ringi hazijakunjwa." Jibu hilo linafaa kuliko "sawa bosi" mia, na anayelitoa asikose kuitwa Jumatatu.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Kamba ya Toyota ilivutwa na mfanyakazi mwenye ajira ya kudumu. Mtu wa mkono wa Nakuru hulipwa kwa siku, na akisimamisha kazi saa mbili anaogopa atalipwa nusu, au kesho ataitwa mwingine. Mkandarasi anayetaka kuambiwa ukweli lazima atangaze mbele ya wote kwamba saa za kusimama kwa ajili ya kasoro zinalipwa kamili, na siku ya kwanza inapotokea alipe mbele ya wote. Bila hilo, maneno yote ya Kijapani ni mapambo.

Fursa nzuri ya kujifunza hivi ilipita mbele yetu 2021 na 2022, serikali ilipojenga maelfu ya madarasa ya mtaala mpya nchini kote, kila moja kwa chini ya shilingi 800,000, kazi ikipewa wakandarasi wa mahali palepale. Waziri wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alizunguka akiyakagua kwa macho yake. Ramani ilikuwa moja. Kwa mkandarasi mdogo hakuna shule kubwa kuliko kurudia jengo lile lile: darasa la pili linaweza kuanza na kasoro zote za la kwanza zikiwa zimeandikwa, na la tatu na fimbo za vipimo za madirisha zikiwa tayari. Kazi za namna hiyo bado zipo, madarasa ya chekechea ya kaunti, vyoo vya masoko, nyua za zahanati, na nyingi huangukia asilimia 30 ya zabuni zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu tangu 2013. Anayeshinda ya kwanza aiombe ya pili akiwa na daftari mkononi.

Lakini nisiwabebeshe wakandarasi mzigo usio wao. Kaunti inapokaa na hati ya malipo miezi na miezi, mkandarasi wa NCA8 hulipa mafundi kwa mkopo, hukosa kukodi mashine ya kutikisa, na hununua chuma chembamba kuliko mchoro unavyotaka. Madeni ya kaunti kwa wakandarasi ni kasoro ya ubora kama ilivyo zege yenye maji mengi, na wanaoidhinisha malipo wanapaswa kuiona hivyo. Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968, ni nzuri kuwa nazo. Mkaguzi akija akakuta mtu hajalipwa tangu mwaka jana, atakagua umaskini.

Kilichomo mikononi mwa mkandarasi ni mkataba wake na mwenye nyumba, hata ule wa lebo tu wa karatasi moja. Vifungu vitatu vinaweza kuingia humo bila wakili. Kwanza, malipo ya awamu yatangulie mabomba, yasifuate taili. Pili, maji ya kumwagilia slabu na kodi ya mashine ya kutikisa viandikwe kama mistari yenye bei yake, ili asiyetaka kulipa avifute kwa kalamu yake na aweke sahihi. Tatu, kila lori la mchanga lipimwe kwa chupa kabla ya kupakuliwa, mbele ya dereva, na likizidi tope lirudi kwa gharama ya aliyeliuza. Kifungu hiki cha tatu ndicho mwenye nyumba hukipinga mwanzoni, na ndicho hukishukuru baadaye, kwa sababu kinamlinda yeye dhidi ya muuzaji. Lori la kwanza likirudishwa, habari hufika machimboni siku hiyo hiyo, na dereva wa pili hupiga simu kuuliza kabla ya kupakia.